Tundu Lililoliwa: Skrubu, Mti na Mafundi wa Gitaa la Umeme

Ala za nyuzi zilitengenezwa kwa karne nyingi bila skrubu hata moja. Udi uliopigwa katika taarabu ya Unguja, fidla za mafundi wa Cremona na gitaa la Kihispania, vyote vilishikamanishwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na nyuzi zake zikakazwa kwa vigingi vya mti vilivyoshikiliwa na msuguano peke yake. Gundi hiyo hulainika kwa joto na unyevu, kwa hiyo fundi aliyetaka kuirekebisha ala aliweza kuvitenganisha viungo vyake bila kuuvunja mti, kisha akaviunganisha upya. Pale chuma kilipotumika kilikuwa msumari: fidla nyingi za kabla ya mwaka 1800 zilikuwa na shingo zilizopigiliwa misumari kutokea ndani ya kiwiliwili, na misumari hiyo haikukusudiwa kung'olewa.

Skrubu ya mti, yaani kijiti cha chuma kilichozungushiwa hesi, ambayo ni ukingo mwembamba unaopanda kwa mshazari na kuukata mti kila skrubu inapozungushwa, ilikuwepo Ulaya zamani, lakini kila moja ilichongwa kwa tupa na ilikuwa ghali. Mwaka 1760 ndugu wawili wa Staffordshire nchini Uingereza, Job na William Wyatt, walipewa hataza ya mashine ya kukata hesi, na ingawa biashara yao wenyewe haikustawi, waliowafuata waliifanya skrubu kuwa bidhaa ya kawaida ya seremala. Hata hivyo skrubu za wakati huo zilikuwa butu nchani, na zilihitaji tundu lililotobolewa hadi mwisho wake. Skrubu yenye ncha kali, inayojitafutia njia yake ndani ya mti, ilienea baada ya Thomas Sloan kupata hataza yake nchini Marekani mwaka 1846, na kufikia mwaka 1854 familia za Nettlefold na Chamberlain zilikuwa zimeinunua haki hiyo kwa ajili ya kiwanda chao karibu na Birmingham.

Katika gitaa, skrubu iliingia kwanza kupitia kichwani. Mashine za kukazia nyuzi zenye gurudumu la meno, zilizochukua nafasi ya vigingi vya msuguano katika karne ya 19, zilifungwa kwa skrubu ndogo sana, na matundu yake yakawa ya kwanza kuliwa, kama mafundi wasemavyo pale hesi inapokosa mti wa kuuma na skrubu ikazunguka bure bila kukaza. Johann Stauffer wa Vienna alikwenda mbali zaidi, akaunda shingo iliyoinamishwa kwa skrubu moja iliyozungushwa kwa ufunguo kama wa saa, na mwanafunzi wake Christian Friedrich Martin aliuvusha mtindo huo hadi Marekani mwaka 1833. Kampuni ya Martin haikudumu nao. Ilirudi kwenye kiungo cha gundi, na magitaa bora ya Marekani yakaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 100.

Aliyeligeuza gitaa kuwa kitu cha kufunguliwa kwa bisibisi hakuwa fundi wa ala. Leo Fender, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Anaheim huko California, alikuwa fundi wa redio aliyefungua duka lake mjini Fullerton mwaka 1938, na aliitazama ala kama fundi wa redio anavyolitazama sanduku lenye sehemu zinazoharibika, ambazo sharti zifikiwe upesi na kubadilishwa. Shingo zilizofungwa kwa skrubu zilikuwa zimekwisha kujaribiwa, kwa mfano katika gitaa la Bakelite la kampuni ya Rickenbacker mnamo katikati ya miaka ya 1930, lakini Fender ndiye aliyeujenga utengenezaji mzima juu ya wazo hilo. Gitaa lake la mwaka 1950, lililoitwa kwanza Esquire na Broadcaster, kisha Telecaster kuanzia mwaka 1951, lilikuwa ubao mzito uliokatwa kwa umbo, ukachimbwa mashimo ya waya na vinasa sauti, na kufungiwa shingo ya mti wa mepo, ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, kwa skrubu nne zinazopita katika bamba la chuma mgongoni. Daraja, yaani sehemu inayoishikilia miisho ya nyuzi, lilifungwa kwa skrubu. Bamba la plastiki linaloukinga mti dhidi ya mikwaruzo, bamba la swichi, vifungo vya mkanda wa begani na mashine za nyuzi navyo vilifungwa hivyo hivyo. Shingo ikichakaa, mwenye gitaa alifungiwa nyingine. Kinasa kikifa, kilibadilishwa kwa dakika chache.

Hapo ndipo palipo na mgongano ambao historia za gitaa, kwa mapenzi yao kwa vinasa sauti na wapigaji mashuhuri, huupita haraka mno. Fender alichagua kifungio ambacho seremala alikibuni kwa ajili ya kufunga mara moja na kuacha, kama bawaba ya mlango inavyofungwa, akakitumia katika kitu alichokusudia kifunguliwe mara kwa mara. Fundi mitambo anapotaka kitu kifunguliwe mara nyingi hutumia bolti na nati, ambapo chuma huumana na chuma. Katika gitaa la Fullerton chuma kiliumana na mti, na kwa kuwa mti ndio dhaifu, kila safari ya bisibisi ililipwa na mti.

Ni vyema kueleza kinachotokea ndani ya tundu. Hesi ya skrubu hulala katika mfereji ilioukata yenyewe, na nguvu yake ya kushika hutokana na nyuzinyuzi za mti zilizobaki kati ya mzunguko mmoja wa hesi na unaofuata. Skrubu ikikazwa kupita kiasi, nyuzinyuzi hizo hukatika zote kwa pamoja. Ikitolewa na kurudishwa bila uangalifu, hesi hukata mfereji wa pili unaovuka ule wa kwanza, na baada ya kurudiwa mara kadhaa hubaki unga tu. Kwa sababu hiyo mafundi wazoefu huizungusha skrubu kinyumenyume kwanza, polepole, mpaka isikike ikidondoka katika mfereji wake wa zamani, ndipo huikaza. Hakuna kinga ya bei rahisi kuliko hiyo. Upana wa tundu la kutangulia, yaani lile linalotobolewa kwa drili kabla ya skrubu, nao una uzito wake: likiwa jembamba mno mti hupasuka au skrubu hukatika kichwa, likiwa pana mno hesi haipati cha kuuma. Nta au sabuni kidogo katika hesi hupunguza msuguano na kuuokoa mti.

Aina ya mti iliamua mengi. Ugumu wa mbao hupimwa kwa jaribio linaloitwa Janka, lililoanzishwa mwaka 1906, ambalo huhesabu nguvu inayohitajika kuizamisha tufe ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 hadi nusu yake ndani ya ubao. Mepo ngumu, inayotumika kwa shingo, huhitaji ratili 1,450 za nguvu, wakati mti wa alda wa pwani ya magharibi ya Marekani huhitaji 590 tu. Fender alianza na msonobari katika mifano yake ya kwanza, akahamia mti wa ashi, kisha kuanzia mwaka 1956 akaitumia zaidi alda, iliyokuwa nyepesi, rahisi kupaka rangi na rahisi kupatikana. Ndiyo maana matundu ya shingo, ambayo hesi yake huuma mepo, huvumilia kufunguliwa mara nyingi kuliko yale ya kiwiliwili. Tena kuna suala la mwelekeo wa nyuzinyuzi. Skrubu inayoingia kwa kuzivuka nyuzinyuzi hushika vizuri. Inayoingia sambamba nazo, kutokea kwenye ncha ya ubao, huzitenganisha zaidi ya kuzikata, na ushiko wake huwa dhaifu. Kifungo cha mkanda kilicho chini ya gitaa huingia kwa njia hiyo dhaifu, na papo hapo hubeba takriban nusu ya uzito wa ala inayoning'inia begani mwa mtu anayecheza. Si ajabu kwamba katika karakana nyingi hicho ndicho huwa cha kwanza kuletwa.

Mwaka 1954 Fender aliitoa Stratocaster, na tatizo likapanda daraja. Gitaa hilo lilikuwa na daraja linaloyumba, ambalo mpigaji hulisukuma kwa mkono wa chuma ili sauti ipande na kushuka, na hataza yake ilitolewa mwaka 1956. Ukingo wa mbele wa daraja hilo ulikaa juu ya skrubu sita za mti zilizopangwa mstari mmoja, na nyuma ya kiwiliwili springi zilivuta upande wa pili kutoka katika kucha ya chuma iliyofungwa kwa skrubu mbili ndefu. Nyuzi sita zilizokazwa kwa sauti ya kawaida huvuta kwa jumla ya takriban ratili 100, nazo springi sharti zivute kiasi cha kuzisawazisha, kwa hiyo skrubu sita za mbele husukumwa daima kuelekea shingoni huku bamba la daraja likizisugua kila mkono wa chuma unaposhushwa. Skrubu ya seremala haikuwahi kuundwa kwa kazi ya egemeo. Tundu lililokuwa duara huwa la yai, skrubu huinama, na daraja huacha kurudi mahali pake, nyuzi zikatoka nje ya sauti. Skrubu mbili za kucha huingia sambamba na nyuzinyuzi, katika ule mwelekeo dhaifu uliotajwa, ingawa urefu wake huzisaidia.

Badiliko la bisibisi nalo lilichangia. Magitaa ya mwanzo kabisa ya Fender yalikuwa na skrubu za mfereji mmoja kichwani, lakini mapema katika miaka ya 1950 kampuni ilihamia skrubu za msalaba zilizopewa jina la Henry Phillips wa Oregon, aliyezipatia hataza mwaka 1936 na ambazo viwanda vya magari vilikuwa vimezipokea kwa hamu. Skrubu ya msalaba huiweka bisibisi katikati na huiwezesha ile ya mashine kufanya kazi bila kuteleza pembeni. Kwa chuma hilo ni jambo jema. Kwa alda, mashine isiyojua mahali pa kusimama hukikata katika nusu ya sekunde kile ambacho mkono ungekihisi na kuacha.

Dawa za tundu lililoliwa zilitoka kwa maseremala kabla hazijawafikia mafundi wa gitaa. Ya kwanza, inayojulikana kuanzia Ohio hadi Tanga, ni njiti: kijiti cha meno au njiti ya kiberiti iliyokatwa kichwa hutiwa gundi, husukumwa ndani ya tundu, hukatwa sawasawa na uso wa mti, kisha skrubu hurudishwa. Wataalamu wengine huidharau, lakini dharau hiyo haina msingi panapohusika skrubu ndogo za bamba la plastiki, zisizobeba mzigo wowote. Hapo njiti na tone la gundi hudumu miaka mingi. Kosa ni kuitumia chini ya daraja au kifungo cha mkanda, ambapo njiti kadhaa zilizobanwa pamoja huwa vipande tu, na hesi hupita katikati yake kwa urahisi.

Kwa matundu yenye mzigo hutumika kizibo, yaani tundu hupanuliwa kwa drili hadi kufikia mti mzima, kipande cha mti mgumu kikagundishwa ndani yake, na tundu jipya likatobolewa katikati. Hapa ndipo utaalamu wa fundi wa ala huachana na haraka ya seremala. Vijiti vya duara vinavyouzwa madukani vina nyuzinyuzi zinazokwenda kwa urefu wake, kwa hiyo kijiti kikisimamishwa ndani ya tundu la kiwiliwili, skrubu huingia sambamba na nyuzinyuzi zake, na fundi anakuwa ameuondoa mti mchovu na kuweka mzima ulioelekezwa vibaya. Njia bora ni kukikata kizibo kutoka katika uso wa ubao, kwa kisu cha duara kinachofungwa kwenye drili, kisha kukigeuza ndani ya tundu hadi nyuzinyuzi zake zilale upande mmoja na zile za kiwiliwili. Kazi hiyo huchukua muda mrefu zaidi kwa dakika chache tu, na mtu anayeiacha kwa kisingizio cha muda hastahili kukabidhiwa daraja la Stratocaster.

Gundi nayo ina historia yake. Gundi ya ngozi ilitawala karakana hadi kampuni ya Franklin ya Columbus huko Ohio ilipoieneza gundi ya njano ya Titebond kuanzia miaka ya 1950, isiyohitaji kupashwa moto na inayoshika mti kwa nguvu kuliko mti wenyewe. Mwaka 1942 Harry Coover, mkemia wa kampuni ya Kodak, alikuwa amekutana na kimiminika kilichonata kwenye kila kitu na akakitupa kwa kuwa kilimsumbua. Kiliingia sokoni mwaka 1958 kama gundi ya papo hapo. Mafundi waligundua matumizi yake yasiyo ya kugundisha: aina nyepesi kama maji, ikidondoshewa ndani ya tundu lililoanza kulegea, hunyonywa na nyuzinyuzi na kuzigandisha ziwe ngumu, na baada ya kukauka skrubu hukata mfereji mpya katika mti ulioimarishwa. Njia hii hufaa tundu lililochoka, si lililokwisha, na tofauti hiyo hujulikana kwa kidole tu.

Viwanda vilitafuta jibu lao wenyewe, nalo lilikuwa kuutenga mti na hesi kabisa. Bushi ni mrija mfupi wa chuma wenye hesi ndani yake, unaogongewa au kuzungushiwa ndani ya mti mara moja tu, na baada ya hapo bolti hufunguliwa na kufungwa dhidi ya chuma. Kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, ambayo shingo zake zilibaki za gundi, ilikuwa na tundu lake la aibu: nguzo mbili za daraja lililoanza kutumika katika gitaa la Les Paul Custom la mwaka 1954 zilizungushwa moja kwa moja ndani ya mti bila bushi, na magitaa mengi ya miaka hiyo yana nguzo zilizoinamia shingoni kwa kuvutwa na nyuzi. Daraja lililofuata katika miaka ya 1970, linaloitwa kwa jina la Nashville ambako Gibson ilifungua kiwanda, lilikaa juu ya bushi pana. Daraja la Floyd Rose, lililopewa hataza mwaka 1979, lilizipunguza skrubu sita za Fender kuwa nguzo mbili ambazo bamba lake huziegemea kwa kingo kali, na kampuni ya Fender yenyewe iliufuata mpango wa nguzo mbili ndani ya bushi katika miaka ya 1980.

Shingo ilipitia njia yenye mashaka zaidi. Shirika la utangazaji la CBS, lililoinunua kampuni ya Fender mnamo Januari 1965 kwa dola milioni 13, lilianza mwaka 1971 kuzifunga shingo za Stratocaster kwa vifungio vitatu badala ya vinne, kimoja kati yake kikiwa bolti iliyoingia katika kipande cha chuma chenye hesi ndani ya shingo, pamoja na skrubu ya kuinamisha shingo bila kuifungua. Wapigaji wengi wameulaani mpango huo kama ubahili wa CBS. Lawama hiyo imepotea njia. Hataza ya shingo inayoinama, ya mwaka 1970, ilikuwa ya Leo Fender mwenyewe, naye aliendelea kutumia vifungio vitatu katika kampuni zake za baadaye, Music Man na G&L. Kilicholegea katika magitaa ya miaka hiyo kilikuwa zaidi shimo la kupokelea shingo, lililochongwa pana mno, na hakuna idadi ya skrubu inayoweza kuponya mchongo mbaya.

Wakati huo huo ujuzi wa ukarabati ulikuwa ukihama kutoka mdomoni kwenda kwenye karatasi. Kampuni ya Stewart-MacDonald ilianza mwaka 1968 huko Athens, Ohio, ikauza vifaa vya ufundi kwa njia ya posta. Irving Sloane alichapisha kitabu chake cha ukarabati wa magitaa mwaka 1973, Hideo Kamimoto akafuata mwaka 1975, na Dan Erlewine, aliyekuwa mwandishi wa safu katika jarida la Guitar Player, akaukusanya uzoefu wake katika kitabu cha mwaka 1990. Siri ndogo ambayo mwanafunzi aliipata baada ya kufagia karakana kwa miaka sasa ilipatikana kwa bei ya kitabu, na fundi wa mji wowote aliweza kujua kwa nini kizibo chake kilikuwa kikilegea.

Biashara ya magitaa ya zamani ilileta masharti mapya. George Gruhn alifungua duka lake Nashville mwaka 1970, wakati wapigaji walipokuwa wameanza kuamini kwamba magitaa ya kabla ya CBS ni bora kuliko mapya, na bei zilipopanda, skrubu ya asili na tundu lake la asili vikawa sehemu ya thamani. Mnunuzi huyo huyo anayelalamikia nguzo za Gibson zilizoinama humkataza fundi kuweka bushi, kwa kuwa bushi humaanisha kutoboa mti wa mwaka 1959. Kwa hiyo fundi hulazimika kurudi kwenye kizibo kilichokatwa kwa mti wa aina ile ile, kigundishwe kwa gundi ya ngozi inayoweza kuondolewa, na kitobolewe kwa kipimo cha kiwanda cha zamani. Kitaalamu ni kurudi nyuma. Kibiashara hakuna njia nyingine.

Matundu yenyewe yamekuwa ushahidi. Bamba la kukinga la Telecaster lilifungwa kwa skrubu tano, na la Stratocaster kwa nane, hadi mwaka 1959 zilipoongezwa kuwa nane na kumi na moja, kwa sababu plastiki iliyoshikwa mahali pachache ilijikunja. Mabamba ya seluloidi yaliyofuata yalisinyaa kwa miaka, yakazivuta skrubu pembeni mpaka tundu la plastiki lisilingane tena na la mti, na wenye magitaa wakatoboa mapya karibu na yale ya zamani. Anayelikagua gitaa linalodaiwa kuwa la mwaka 1956 hulifungua bamba kwanza, akahesabu matundu, akatafuta vizibo, kisha akaimulikia rangi kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, ambayo huonyesha vanishi mpya kwa rangi tofauti na ile ya zamani. Akikuta matundu matatu yaliyozibwa ambayo kiwanda hakikuyatoboa, hata kama yamezibwa kwa ustadi kamili, bei hupunguzwa kabla gitaa halijachomekwa kwenye spika.